Daftari la Pande Mbili

Daftari ni moja, kurasa tisini na sita.
Nililinunua Kadutu siku niliyopeleka ndizi
nikarudi na chumvi.
Komiti ya wazazi ilinichagua mimi kutunza hela
kwa kuwa, walisema, M'Birhange hana mume wa kumkopa usiku.

Kwa mbele naandika fedha.
Nsimire, mama wa mapacha: elfu mbili, bado elfu nne.
Baba Murhula: maharagi vikombe saba,
kimoja kililiwa na panya kabla ya soko.
Ntakwinja: kuku.
Kuku alitaga tukiwa bado tunabishana bei,
yai tukaliandika faida.

Ukiligeuza kichwa chini, kwa nyuma,
ni mwandiko wa mwalimu Cibalonza.
Yeye anaandika watoto.
Murhula anajua rangi, ila kijani anaiita majani.
Byenda anahesabu hadi kumi, sita anairuka
kama mtu anayeruka tope.
Nabintu hajasema neno tangu Septemba.
Leo amesema: yangu.

Cibalonza hana namba ya mshahara.
Namba iko njiani, wanasema, inatoka Kinshasa,
mwaka wa tano sasa inatembea.
Konokono angekuwa ameshafika Nyangezi,
amenunua sabuni, ameanza kupanda kilima chetu.
Shule ya msingi kule bondeni ni bure, redio ilisema.
Bure hiyo inaanza na miaka sita.
Kabla ya hapo mtoto ni wa mama yake na wa mvua.

Sikusoma sana. Lakini natunza daftari, naona.
Mwezi wa pili, ghala zikiwa tupu,
kwa mbele niliandika elfu nane tu.
Kwa nyuma, tarehe zile zile:
Hawakuja.
Hawakuja.
Walikuja, walilala.
Hata hivyo mwalimu anaandika kuliko tunavyolipa,
upande wake umeshavuka pini za katikati,
wangu bado unajikokota huku mbele.

Inspekta alifika Jumatano.
Pikipiki ilimwacha chini, kwenye utelezi,
akapanda kwa miguu, soksi mkononi.
Akakaa kwenye benchi la watoto, magoti karibu na masikio,
akamwambia Byenda ahesabu.
Moja mbili tatu nne tano saba.
Inspekta akasubiri.
Byenda naye akasubiri, kwa adabu,
akidhani ni mgeni aliyesahau kitu.

Fomu zake zilikuwa zimelowa. Akaomba karatasi.
Nikampa daftari, ningefanyaje?
Akachana ukurasa mweupe, akaandika:
Kiwango, hafifu. Vifaa, hakuna.
Neno hakuna akalipigia mstari ulionyooka kabisa,
kwa rula yetu.

Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa uji wa watoto
akaacha nusu, akamwita Nabintu ammalizie.
Alituambia ripoti itafika Bukavu,
kutoka Bukavu itapanda juu zaidi,
na mimi nikaifikiria ikikutana njiani na ile namba,
moja ikipanda, nyingine ikishuka,
hazijuani, hazisalimiani.

Usiku nilifungua kuandika mchango wa Nsimire
na karatasi moja ikaanguka mapajani.
Nilisahau: katika daftari la pini
kila karatasi ina mwenzake ng'ambo.
Ukimng'oa huyu, yule anabaki bila mshiko.
Nikainamisha taa.
Ulikuwa ukurasa wa Nabintu,
na lile neno lake moja.

Nimeushona na uzi wa gunia, mishono mitano,
kisha wa sita, kwa ajili ya Byenda.
Halafu nimegeuza mbele, nimeandika:
Uzi, faranga mia mbili.
Safu ya mlipaji nimeiacha wazi.
Sijui nimdai nani.